Karema, Alikoshuka Baba

Anayetaka kwenda Karema kutoka pande zetu za Kaliua ana njia mbili. Ya kwanza ndiyo ya zamani: gari la moshi mpaka Kigoma, kisha meli kwenda kusini kwa Ziwa Tanganyika. Ya pili ni kushika tawi la reli linaloachana na njia kuu pale pale Kaliua, likaingia msituni hata Mpanda, na kutoka Mpanda kupanda basi na kuteremka milima mpaka ziwani. Marehemu baba yangu alikwenda kwa njia ya kwanza mwaka 1969. Mimi nilikwenda kwa ya pili mwaka 2022, maana wakati huo meli ya Liemba ilikuwa imelala Kigoma ikingoja matengenezo.

Reli ya Mpanda ina urefu upatao kilomita 210. Waingereza waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa huko, ikafunguliwa mwaka 1950. Madini ya risasi yaliisha, reli ikabaki, na watu wakaitumia kwa mahindi, asali, kuku na kutembeleana. Gari haliendi mbio. Usiku kucha unasikia miti ya miombo ikipita dirishani karibu kabisa, na katikati ya safari mnavuka mto Ugalla, watu wote wakiinuka kutazama maji ingawa ni giza na hakuna la kuona. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata ndoo ya asali kama mtoto. Aliniuliza sababu gani nasafiri na sanduku la bati la zamani namna ile, lenye kutu pembeni na kufungwa kwa kamba, wakati siku hizi watu wana mabegi. Nikamwambia, "Mama, sanduku hili linajua njia kuliko mimi." Akacheka, akanipa asali kidogo kwenye kifuniko.

Basi niwaeleze habari ya sanduku hilo, wasomaji wapenzi, na habari ya baba, maana bila hiyo Karema itakuwa ni jina tu.

Mwaka 1969 baba alikuwa kijana wa miaka 22. Alikuwa na ndugu yake wa ukoo huko Kitwe, katika migodi ya shaba ya Zambia, aliyemwandikia kwamba kazi ipo, aje upesi. Baba akauza mbuzi wawili na madebe kadha ya asali, akanunua sanduku jipya la bati, akatia ndani blanketi, mashati mawili, cheti cha ubatizo na barua ya huyo ndugu, akapanda gari la moshi kwenda Kigoma. Kigoma akakata tikiti ya Liemba mpaka Mpulungu, yaani mwisho wa ziwa upande wa Zambia. Tikiti alilipa yote.

Wengi wenu mmesikia habari za meli hiyo, lakini si vibaya kuzirudia kwa ajili ya watoto. Ilijengwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilipokwisha kujengwa ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, reli ambayo yenyewe ilifika ziwani mwaka 1914 tu. Mafundi wakaiunga tena, ikaingia majini mwezi wa Februari 1915, jina lake Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Wajerumani waliposhindwa vita upande huo waliizamisha wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini mafundi wale walikuwa watu wenye akili: kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mashine nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe kwa watu wa kusini. Baba alipoipanda ilikuwa ingali meli ya mvuke; mashine za dizeli zilikuja miaka ya 1970.

Siku zile katika vituo vingi vya ziwa hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo na nchi kavu, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka pwani na taa zake, ikaja kubandikana ubavuni. Hapo ndipo penye ghasia: magunia yanashuka, dagaa zinapanda, watoto wanapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu anapiga kelele na meli inataka kuondoka. Walifika Karema usiku, upepo wa kusi ukivuma na mawimbi yakiruka. Palikuwa na mama mmoja mzee, mgonjwa, anarudishwa nyumbani kutoka Kigoma. Hakuweza kusimama, naye alikuwa amelazwa ndani ya shuka nene. Mwanawe, kijana wa rika la baba, alikuja na mtumbwi kumpokea. Wakatafutwa watu wa kumshusha. Baba alikuwa karibu na mlango, akashika upande wa miguu.

Hadithi hii aliisimulia mara nyingi na hakuibadilisha hata mara moja. Alisema: yule kijana chini alikwisha kumshika mama yake mabegani. Mara wimbi likauvuta mtumbwi ukaachana na meli. Baba akawa ana mambo mawili tu, kuachia au kwenda. Hakufikiri habari ya Kitwe, wala ya tikiti, wala ya sanduku lililokuwa chini ya benchi. Akaruka naye. Akaangukia magunia, miguu ya mama mzee ikiwa kifuani pake. Mabaharia wakapiga kelele, mtu mmoja akatupa kamba isiwafikie, na honi ikalia. Mitumbwi mingine ilikuwa imejaa. Liemba ikaondoka na taa zake zote, na sanduku la baba ndani.

Ndani ya mtumbwi kukawa kimya. Kisha yule kijana, akipiga kasia, akauliza, "Wewe ulikuwa unakwenda wapi?" Baba akajibu, "Zambia." Yule akasema, "Basi leo umefika."

Meli ilirudi siku ya nane. Mpishi mmoja wa melini, mtu wa Kasulu, alikuwa amelitunza sanduku. Alilishusha kwa kamba, halijafunguliwa, nalo limekwisha kuiona Mpulungu ambayo baba hakuiona maisha yake yote. Tena nahodha alikubali kumrudisha baba Kigoma bure, au kumchukua kusini safari itakayofuata. Baba akapokea sanduku, akashukuru, akabaki mtumbwini. Alikaa Karema miezi minne.

Huko alifundishwa kuvua dagaa. Kazi hiyo hufanywa usiku usio na mwezi: karabai huwashwa, dagaa huja mwangani kwa maelfu, nao mgebuka huja nyuma yao kuwala, na wavu unashushwa chini ya wote. Siku za mbalamwezi wavuvi hukaa nyumbani wakashona nyavu. Baba hakuzoea mawimbi hata kidogo. Alitapika, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka samaki wakamjua. Lakini siku za mbalamwezi zilikuwa zake. Alikwenda mlimani na rafiki yake, akamwonyesha namna ya kubandua gome la myombo, kulikunja na kulishona liwe mzinga, na mti gani wa kuutundika. Wavuvi walimcheka, hata walipoonja asali.

Mama mzee alipona akaishi miaka minne zaidi. Alimwita baba "mwanangu wa melini". Alisema mtoto hawezi kukaa bila shamba, akamkatia kipande cha nchi yake karibu na pwani, ekari moja na nusu, penye mwembe mchanga. Baba alirudi kwao, akaoa, na mwaka 1973 akampeleka mama yetu Karema kuonyeshwa. Wakati huo karatasi iliandikwa na katekista kwa wino wa bluu, ya kwamba shamba lile ni la baba na watoto wake, na mashahidi watatu wakatia dole gumba. Mama mzee akafa mwaka ule ule.

Tangu hapo palikuwa na barua. Dagaa zilikuja kwa gari la moshi kutoka Kigoma, asali ikaenda. Mimi nilipozaliwa mwaka 1988 rafiki yule alisafiri kuja kunishika kisimani, naye ndiye baba yangu wa ubatizo. Nyumbani tulimwita Baba Mkubwa wa Karema. Mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria mwezi wa Mei, aliandika kuuliza kama hapakuwa na mtu wa kwetu ndani yake. Mwaka 1997 aliandika kwamba Liemba ilikuwa ikiwarudisha wakimbizi kwao Kongo, na aliiona ikipita imejaa watu hata nafasi ya kusimama haionekani. Hizo barua ndizo zilizokuwa ndani ya sanduku nililolibeba, zote, pamoja na karatasi ya shamba.

Baba alifariki mwishoni mwa mwaka 2021. Siku tatu kabla, akaniita. Akasema, "Sanduku lirudi Karema. Karatasi mpe mwenyewe, mkononi. Usimwombe kitu, wala usimkatalie kitu." Ndugu zangu wawili hawakupendezwa. Walikwisha kusikia kwamba serikali inajenga bandari Karema, na kwamba ardhi ya pwani imepanda bei. Walisema shamba ni urithi wetu, na karatasi tunayo. Mimi ni karani wa parokia, nimesoma chuo cha ualimu, kwa hiyo waliona ninafaa kwenda kulidai kwa maneno mazuri. Niliwajibu kwamba mimi natumwa na aliyekufa, nao wangojee.

Kutoka Mpanda basi liliondoka alfajiri. Njia ni ya vumbi, inapanda na kushuka, halafu ghafula unaliona ziwa. Mtu aliyelelewa msituni kama mimi hushtuka. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake chapata meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal la Siberia tu linalolipita kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Upande wa pili milima ya Kongo ilionekana kama wingu la bluu lililokaa chini.

Karema yenyewe ni mahali pa kale. Mwaka 1879 Mbelgiji mmoja, Kapteni Cambier, alijenga boma hapa kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold. Mwaka 1885 boma likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, nao wakaligeuza kuwa misioni. Ukisimama kilimani utashangaa kwa nini walijenga mbali na maji. Si wao waliokwenda mbali, ni ziwa: katika miaka iliyofuata maji yalipungua sana, yakaacha uwanda mpana chini ya kilima. Leo uwanda huo ni mashamba ya mpunga na nyumba za watu.

Hapa ndipo alipoishi Adriano Atiman, ambaye wazee wa ziwani hawamsahau. Alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Mapadre walimnunua jangwani Algeria wakamwacha huru, kisha akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa hapa, akatibu watu hapa, akafa hapa mwaka 1956. Fikiri mwenyewe, msomaji: miaka 67 mahali pamoja, kwa mtu aliyeletwa na mambo ambayo hakuyachagua. Baba Mkubwa alikuwa mtoto wa shule Atiman alipofariki, na aliniambia kwamba siku ile hakuna mtumbwi uliokwenda kuvua.

Nilimkuta ameketi barazani, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Mwanawe mkubwa alinipokea mzigo. Nikasema, "Shikamoo, Baba Mkubwa." Aligeuza uso upande wa sauti, nikatambua kwamba hanioni. Macho yote mawili yalikuwa meupe, yana mtoto wa jicho. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Hiyo sauti ni yake." Kisha akauliza, "Umekuja na sanduku?"

Habari ya kifo alikwisha kupata kwa simu. Lakini simu haizikii mtu. Alikuwa hajakaa matanga, anangoja mtu afike. Basi jioni ile majirani waliitwa, moto ukakokwa uani, na akina mama wakalia kama mtu amekufa siku hiyo. Nililia nami, jambo ambalo nyumbani sikulipatia nafasi kwa sababu ya shughuli. Asubuhi tulikwenda kanisani, Misa ikaombwa kwa ajili yake, na jina la baba likasomwa mbele ya watu ambao wengi wao hawakumjua, ila wazee sita au saba walioinua vichwa.

Wana wa Baba Mkubwa ni watatu. Walinipa chakula kizuri, mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, wakaniuliza hali ya njia. Lakini palikuwa na kitu katikati yetu. Hakuna aliyekaa karibu na lile sanduku, na hakuna aliyeacha kulitazama. Siku ya pili usiku mwana mkubwa alinitoa nje.

Akasema, "Ndugu yangu, tuseme wazi. Karatasi unayo?"

Nikasema, "Ninayo."

"Umekuja kudai?"

"Nimetumwa kumpa Baba Mkubwa mkononi. Zaidi ya hapo sikutumwa."

Akanyamaza, kisha akaniambia yote. Kwa sababu ya bandari, mfanyabiashara mmoja alitaka kununua shamba lile la pwani pamoja na kipande cha baba ili ajenge ghala. Alitaka lote au asinunue. Fedha zile walizihitaji: mzee apelekwe hospitali kubwa kupasuliwa macho, deni la mashine ya mtumbwi lilipwe, na mtoto mmoja apelekwe chuo. Mzee alikataa. Alisema kipande kile si chake, kina mwenyewe. Mwaka mzima walimbembeleza, akazidi kukataa, na macho yakazidi kufa. "Sisi," alisema, "tulikuwa tunamwona baba anakuwa kipofu kwa ajili ya mtu wa Kaliua."

Sikuweza kumlaumu. Hata mimi ningeliona vivyo hivyo. Nilifikiri pia habari ya ndugu zangu nyumbani. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 mambo haya yamo mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na karatasi ya mwaka 1973 ingeweza kuzua kesi ya miaka mingi. Mwenye kutaka ugomvi alikuwa na chakula cha kutosha.

Asubuhi nilifungua sanduku mbele ya wote. Nikatoa karatasi, nikaiweka katika kiganja cha Baba Mkubwa, nikafunga vidole vyake juu yake. Akaipapasa muda mrefu. Akamwita mjukuu wake wa darasa la sita, akamwambia aisome kwa sauti. Mtoto alisoma vizuri, akikwama tu kwenye majina. Alipofika kwa mashahidi, mzee alitaja kila mmoja alikozikwa.

Kisha akaniuliza, "Baba yako alisema nini?"

Nikamwambia maneno yale: nisimwombe kitu, wala nisimkatalie kitu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwerevu yule! Ameniachia mimi kesi yote." Akasimama. "Nipeni fimbo. Twende."

Tulimshika mkono mpaka pwani. Wavuvi walikuwa wakianika dagaa mchangani, na mbali kidogo gati jipya lilionekana, saruji yake nyeupe. Mwembe uliokuwa mchanga mwaka 1969 sasa mikono ya watu wawili haiuzunguki. Mzee akaweka mgongo wake juu ya shina, akamwambia mwanawe mkubwa, "Pima hatua ishirini kila upande." Yule akapima, sisi tukipigilia vijiti. "Ndani ya vijiti hapauzwi," alisema mzee. "Nje ya vijiti uzeni. Akitaka ghala atajenga mahali palipobaki."

Mwana mkubwa akasema mnunuzi alitaka lote. Mzee akajibu, "Na mimi nilitaka kufa naona. Kila mtu atapunguza kidogo."

Ikabaki swali la fedha ya kipande cha baba. Mzee alisema nusu yangu. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa nisikatae kitu, nami sikukataa, ila nilisema mbele ya wanawe kwamba nusu hiyo iende kwanza kwenye macho, na itakayobaki ije Kaliua kwa ndugu zangu. Mwana wa pili, ambaye tangu nifike alikuwa hajaniambia maneno kumi, aliondoka bila kusema. Alirudi na samaki mkubwa, kuhe, akamkabidhi mke wake, akaja kukaa karibu yangu kivulini.

Tulikwenda kwa afisa mtendaji wa kijiji, tukaandika na kutia sahihi, mimi nikiwa mwandishi kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Mnunuzi alinung'unika siku tatu akakubali. Nyumbani ndugu zangu walinipokea kwa uso mzito, wakasema nimetoa macho ya mtu mwingine kwa mali yetu. Mmoja alikaa muda mrefu hazungumzi nami. Fedha iliyobaki ilipofika haikuwa nyingi, lakini ilitosha bati la nyumba ya mama, nalo lilipoezekwa alikuja mwenyewe kushika ngazi.

Mwaka 2023, baada ya mavuno, tulipigiwa simu kutoka Mpanda kwamba kuna mgeni katika gari la moshi. Baba Mkubwa alishuka Kaliua pamoja na mwana wa pili na gunia la dagaa. Jicho la kulia lilikuwa limepasuliwa, la kushoto bado. Akaenda kwanza kaburini, akakaa peke yake, sisi tukimngoja mbali. Kisha akataka kuonyeshwa mizinga, akakosoa ushonaji wake, akisema mzinga wa baba ulikuwa na mishono ya karibu zaidi.

Siku ya tatu nilimchukua ofisini kwangu parokiani, nikamfungulia kitabu cha ubatizo cha mwaka 1988, mahali palipoandikwa jina langu na lake. Alikipeleka kitabu dirishani, akafumba jicho la kushoto, akasoma polepole kwa kidole. Akakunja uso.

"Wameniandika vibaya," alisema. "Jina langu halina herufi hii. Futa."

Nikamwambia kitabu cha ubatizo hakifutwi ovyo, Baba Mkubwa, mpaka paroko aruhusu.

"Basi mwite," akasema, akavuta kiti na kuketi kumngojea.